Mwisho wa Mstari ni wa Nani? Usafishaji wa Matini na Hatima ya Mshororo

Wahenga walisema mdharau mwiba mguu huota tende. Katika shughuli za kuihifadhi fasihi ya Kiswahili ndani ya tarakilishi, mwiba unaodharauliwa ni mdogo mno hata hauonekani kwa macho. Ni alama inayokaa mwishoni mwa kila mstari wa faili la matini. Haisomwi, haitamkwi, wala haichapwi karatasini. Kazi yake ni moja tu, kuiarifu mashine kwamba mstari umekoma na mwingine unaanza. Aghalabu alama hii hujitokeza mahali isipotakiwa, na mtafiti aliyechoka huamua kuifuta kwa pigo moja la kitufe. Makala haya yanadhamiria kuonyesha kwamba pigo hilo si kazi ya ufundi mtupu. Ni tendo la uhariri, na kwa hivyo linamhusu msomi wa Kiswahili kabla ya kumhusu fundi wa mitambo.

Chukua mfano wa mwanafunzi wa uzamili anayetafiti vina katika tenzi. Amekusanya beti mia kadhaa. Nyingine alizipiga chapa yeye mwenyewe, nyingine alitumiwa na mwenzake kwa barua pepe, na nyingine alizitoa katika kitabu kilichopitishwa kwenye skana. Anaiamuru programu imtafutie kila mshororo unaoishia kwa silabi fulani. Programu inamjibu kwamba hakuna hata mmoja. Anatazama kwenye kioo na kuiona mishororo hiyo waziwazi, imejipanga kama askari gwarideni, lakini mashine inakana kuwapo kwake. Asipokuwa mwangalifu, ataandika katika tasnifu yake kwamba kina hicho ni adimu. Kosa si la mtunzi, wala si la nadharia. Kosa ni la alama asiyoiona, iliyojipenyeza baina ya silabi ya mwisho na ukingo wa mstari.

Ili kulielewa tatizo hili yafaa kurejea lilikoanzia. Kabla ya tarakilishi kuenea, kulikuwa na mashine za kupeleka maandishi kwa njia ya simu. Mashine hizo zilihitaji amri mbili kila mstari ulipofika mwisho. Amri ya kwanza ilikirudisha kichwa cha kuchapia kwenye ukingo wa kushoto. Ya pili iliisogeza karatasi juu kwa mstari mmoja. Msimbo wa ASCII ulipochapishwa mwaka 1963, amri hizo ziliingizwa humo zikiwa na nambari zake: kurudi mwanzo ni 13, na kushuka mstari ni 10. Mashine zile zimekwisha kuondoka, lakini nambari zao zimebaki, na warithi wake hawakukubaliana namna ya kuugawa urithi.

Mfumo wa Unix, na baadaye Linux, ulichagua 10 peke yake. MS-DOS, na Windows iliyofuata, ilizishika zote mbili, 13 kisha 10. Tarakilishi za Macintosh za zamani zilitumia 13 peke yake, hadi Mac OS X ilipotoka mwaka 2001 na kufuata mkondo wa Unix. Hivyo, faili moja la utenzi linaweza kuwa na mistari mizuri katika mashine moja, likawa mstari mmoja mrefu usio na kikomo katika nyingine, na katika ya tatu likaonyesha vijialama vya ajabu kila mwisho wa mshororo. Notepad, programu ndogo ya kuandikia inayokuja pamoja na Windows, ilianza kuuelewa mwisho wa mstari wa Unix mwaka 2018 tu. Yeyote aliyewahi kufungua humo kabla ya hapo faili lililotoka Linux anaikumbuka dhiki hiyo, maneno yote yamerundikana bila pumzi.

Hiyo ndiyo aina ya kwanza ya mwisho wa mstari, nayo ni mali ya mashine. Mwanafunzi aliyetajwa hapo juu amekwama hapa. Faili lake limetoka Windows, lakini programu anayotumia inauhesabu mwisho wa mstari kuwa 10 peke yake. Basi ile 13 iliyotangulia inahesabiwa kuwa sehemu ya neno la mwisho. Kwa mwanadamu neno ni “asili”. Kwa mashine ni “asili” pamoja na mkia usioonekana, na “asili” ya katikati ya mstari ni neno jingine kabisa. Orodha ya msamiati inavimba kwa maneno pacha, takwimu zinapotoka, na utafutaji wa vina unaambulia patupu. Alama ya namna hii haina haki ya kubaki. Ifutwe bila kusitasita, maadamu mfutaji ana hakika ya jinsi faili lake lilivyoundwa. Zipo programu za bure kama dos2unix zilizotengenezwa kwa kazi hiyo, na katika mfumo wa Unix amri fupi ya tr -d '\r' huiondoa 13 kila ilipo. Hata hivyo, amri hiyohiyo ikielekezwa kwenye faili la Macintosh ya zamani, ambamo 13 ndiyo mwisho wa pekee wa mstari, itaifuta mistari yote na kuacha bonge moja la maneno. Hapo alama yapaswa kubadilishwa kuwa 10, si kufutwa. Dawa ni ileile, mgonjwa ndiye tofauti.

Aina ya pili ni mwisho wa mstari ulio mali ya karatasi. Riwaya iliyochapishwa kitabuni hukatwa mistari kwa sababu ukurasa una upana wake. Mwandishi hakuukata mstari pale, ila nafasi ilimwishia mpiga chapa. Kitabu kinapopitishwa kwenye skana, au matini yanaponakiliwa kutoka faili la PDF, kila kikomo cha ukingo huja kikiwa kimevaa joho la mwisho wa mstari halisi. Barua pepe nazo zina desturi kama hiyo, kwani kanuni zake zinapendekeza mstari usizidi herufi 78, na programu nyingi zimezoea kuukata mstari unaokaribia kikomo hicho. Matokeo yake ni nathari iliyokatikakatika. Sentensi moja inagawanywa mara tatu au nne, na neno lililovunjwa kwa kistari mwishoni mwa mstari hubaki vipande viwili visivyopatikana katika kamusi yoyote.

Alama hizi nazo ziondolewe, lakini kwa adabu. Anayezifuta bila kuweka nafasi mahali pake huyaunganisha maneno mawili yasiyojuana. Anayefuta kila kistari cha mwisho wa mstari huviunganisha vipande vya neno lililovunjwa, lakini huviharibu vistari vilivyowekwa na mwandishi kwa makusudi. Na anayefuta zote kwa mkupuo huzimeza aya, kwa kuwa mwisho wa aya nao ni mwisho wa mstari. Njia ya salama inajulikana na wahariri wengi. Katika Microsoft Word, ambako alama ya aya hutafutwa kwa ^p, kwanza alama mbili zinazofuatana, zinazoonyesha mpaka wa aya, hubadilishwa kuwa ishara isiyotumika popote katika matini, tuseme @@. Kisha kila ^p iliyobaki hubadilishwa kuwa nafasi moja. Mwishowe @@ hurudishwa kuwa ^p. Aya zinabaki, nyufa za ukingo zinazibwa. Njia hii huhitaji aya ziwe zimetenganishwa kwa mstari mtupu tangu mwanzo. Zisipokuwa hivyo, mhariri hana budi kuzipitia kwa jicho lake.

Aina ya tatu ndiyo kiini cha mjadala huu: mwisho wa mstari ulio mali ya mtunzi. Katika ushairi, mstari haukomi kwa sababu nafasi imekwisha. Unakoma kwa sababu mizani imetimia, kina kimefika, au wazo limetakiwa kusimama. Tazama ubeti huu uliotungwa kwa ajili ya mfano tu:

Msomi tunza faili
Usiivunje asili
Mstari una dalili
Ya fikira za mtunzi

Programu ya kusafisha, ambayo haijui arudhi, ikifuta alama zote, ubeti huo hutoka hivi: “Msomi tunza failiUsiivunje asiliMstari una daliliYa fikira za mtunzi.” Vipande vinne vimekuwa kimoja, na yamezaliwa maneno matatu ambayo hayajawahi kutamkwa na Mswahili yeyote. Mjuzi wa ushairi anaweza kuurudisha ubeti huu katika hali yake. Atahesabu mizani minane, atasikia kina cha -li mara tatu, atavitenga vipande. Arudhi ni kama mshipi uliofungwa ndani ya matini yenyewe. Hata ukingo ukibomolewa, mshipi unabaki. Wataalamu waliozieleza kanuni hizi, akiwamo Kaluta Amri Abedi katika Sheria za Kutunga Mashairi na Diwani ya Amri ya mwaka 1954, huenda hawakuwa na habari ya tarakilishi, lakini walimwachia mhariri wa leo chombo cha kuokolea jahazi.

Sivyo ilivyo kwa shairi huru. Tangu Euphrase Kezilahabi achapishe Kichomi mwaka 1974, na kuzuka kwa mjadala mkali baina ya wanamapokeo na wanamabadiliko, ushairi wa Kiswahili umekuwa na tawi ambalo mstari wake haulindwi na vina wala urari wa mizani. Katika tawi hilo, mahali mstari unapokatika ni uamuzi wa mtunzi peke yake, na mara nyingine ndipo maana inapokaa. Chukua maneno haya: hakurudi nyumbani kulikuwa na giza. Yakiandikwa kwa mistari miwili namna hii,

Hakurudi
nyumbani kulikuwa na giza

msomaji anaiona nyumba iliyozimika kwa kutorudi kwa mtu. Yakikatwa hivi,

Hakurudi nyumbani
kulikuwa na giza

giza limehama. Sasa liko njiani, nalo ndilo lililomzuia msafiri. Hakuna neno lililoongezwa wala lililopunguzwa. Kilichohama ni alama moja isiyoonekana. Ifute, na hakuna mwanaarudhi, wala programu, atakayejua mtunzi alikusudia giza lipi. Hali ni nzito zaidi kwa mtunzi kama Kithaka wa Mberia, ambaye katika baadhi ya mashairi yake mpangilio wa maneno ukurasani ni sehemu ya usemi wenyewe. Kulisafisha shairi la namna hiyo kwa amri iliyokusudiwa nathari ni sawa na kuikunja picha ili iingie katika bahasha.

Wapo watakaopinga kwamba mshororo ulioandikwa si kitu kitakatifu. Watasema, na kwa haki, kwamba ushairi wa Kiswahili uliimbwa na kughanwa, na kwamba sikio ndilo lililokuwa mlinzi wake. Wataongeza kwamba hata mistari inayoonekana katika vitabu vya leo haikuwekwa na watunzi wa kale. Hoja hii ina uzito. Katika miswada ya hati za Kiarabu, ubeti wa utenzi aghalabu uliandikwa katika mstari mmoja au miwili, vipande vyake vikitenganishwa kwa alama maalumu. Tenzi hizo zilipohamishiwa hati za Kirumi, wahariri wengi walivipanga vipande vinne kimoja chini ya kingine, na huo ndio umbo tulilozoea madarasani. Shairi la tarbia lenye mizani kumi na sita nalo huchapishwa mara kwa mistari minne, mara kwa minane, kutegemea mhariri ameamua kuvigawa vipande vipi.

Lakini hoja hiyo haimruhusu mtu kufuta ovyo. Kinyume chake, inaongeza sababu ya kuwa mwangalifu. Ikiwa mstari umekwisha kuhamishwa mara moja, kutoka mswada hadi kitabu, basi kuhamishwa kwake mara ya pili, kutoka kitabu hadi faili, kwapaswa kuacha nyayo. Mtafiti wa Utendi wa Tambuka, ambao mswada wake unajulikana kuwa wa mwaka 1728, ana haki ya kujua kama mgawanyo wa vipande anaouona kwenye kioo umetoka kwa mnakili wa mswada, kwa mhariri wa kitabu, au kwa programu iliyoamriwa kukata kila baada ya herufi kadhaa. Wasomi wa miswada wamefundishwa kuuliza maswali haya juu ya wino na karatasi. Hakuna sababu ya swali kukoma pale wino unapogeuka kuwa nambari.

Pingamizi la pili ni lile linalosikika mara nyingi katika maktaba na maabara: haya ni mambo ya mafundi, mwanafunzi wa fasihi atayawezea wapi? Kauli hii inasikitisha, kwa kuwa inamkabidhi asiyejua Kiswahili mamlaka juu ya maandishi ya Kiswahili. Fundi anajua kuifuta 13. Hajui kwamba kati ya mistari anayoifuta upo utao na mwandamo, wala hana njia ya kujua kwamba mistari mifupi ya mtunzi wa kisasa si dosari ya skana. Mtu wa pekee anayeweza kuitenga alama ya mashine, ya karatasi, na ya mtunzi ni yule aliyesoma maandishi yenyewe. Ufundi unaohitajika ni wa kujifunza kwa alasiri moja. Ujuzi wa kujua nini kisiguswe ni wa miaka, na wanafunzi wa Kiswahili tayari wanao.

Jambo hili lina uzito kuliko linavyoonekana, kwa sababu makosa ya faili huzaana. Kitabu kilichochapishwa vibaya hubaki na makosa yake katika nakala zake. Faili lililosafishwa vibaya hupitishwa kutoka mkono hadi mkono, huwekwa mtandaoni, na huingizwa katika kongoo na katika programu za kutafsiri na kusahihisha tahajia. Baada ya muda hakuna anayekumbuka kwamba beti zile zilikuwa na mistari. Lugha ambayo matini yake ya kielektroniki ni machache haina akiba ya kutosha kuzifunika hasara kama hizo. Katika lugha yenye nakala elfu za shairi moja, nakala mbovu hufichwa na nzima. Kwa Kiswahili, huenda faili moja ndilo lililopo.

Yafaa basi vyama vya wanafunzi na idara za Kiswahili zikubaliane juu ya utaratibu mdogo. Kwanza, faili la asili lisiguswe kamwe. Usafishaji ufanyiwe nakala, na nakala ipewe jina linaloonyesha hivyo. Pili, kabla ya kufuta chochote, ijulikane faili limetoka mfumo upi, na limetoka wapi: mswada, kitabu, skana au barua pepe. Tatu, nathari na ushairi vitengwe. Kinachofaa riwaya ni sumu kwa diwani, na tamthilia yenye nyimbo ndani yake ishughulikiwe kwa sehemu. Nne, katika ushairi, mwisho wa mshororo na mwisho wa ubeti uwekewe ishara inayoonekana kabla ya programu yoyote kuendeshwa, mathalani mkwaju mmoja kwa mshororo na miwili kwa ubeti, ili hata alama fiche zikipotea mpaka ubaki. Tano, maelezo mafupi ya yaliyofutwa na yaliyobadilishwa yaambatanishwe na faili, kama vile mhariri wa mswada anavyoandika dibaji.

Wahadhiri nao wana sehemu yao. Kozi za uhakiki wa matini na za utafiti zinaweza kutenga kipindi kimoja cha kuwafundisha wanafunzi kuzionyesha alama fiche kwenye kioo, kuzitambua, na kuamua hatima ya kila moja. Mtahini wa tasnifu inayotegemea takwimu za kongoo hana budi kuuliza mistari ilisafishwaje, kama anavyouliza sampuli iliteuliwaje. Swali hilo likianza kuulizwa ukumbini, litaanza kujibiwa mezani.

Anayeketi mbele ya faili lenye mistari iliyovurugika, kidole kikiwa juu ya kitufe cha kufuta, ajiulize kwanza: mwisho huu wa mstari ni wa nani? Ukiwa wa mashine, auondoe. Ukiwa wa karatasi, auzibe kwa uangalifu. Ukiwa wa mtunzi, auache mahali pake, kwa kuwa si wake kuufuta.